Matundu Yamegoma Tena

Jumatatu, 9 Februari

Majani yamegoma tena. Taa zimewaka, wanga umegeuka sukari, na kwa madai yangu sukari ndiyo inayofungua matundu ya jani. Yamefunguka? Wapi! Kwenye kamera ya joto jani lililofunguka huwa buluu, kwa kuwa linatoa jasho na kupoa. Yangu ni manjano matupu. Nimekaa nayo asubuhi nzima nikiyatukana.

Ni Menno, mtafiti mwenzangu tunayegawana chumba cha mimea. Nani mwingine ana ufunguo? Anadai sukari si kitu, jani hufunguka hewa ya ukaa ikipungua, basi. Ijumaa Profesa Terpstra anaamua nani abaki na chumba cha mimea. Atakayetolewa, utafiti wake umekufa.

Jumanne, 10 Februari

Siku ya kuzaliwa ya Menno. Keki. Ofisi nzima inanipa mkono, desturi ya hapa Uholanzi — hongera, Menno kazaliwa! Hongera ya nini?

Nilimwambia mbele ya wote aache kuchezea mimea yangu. Akalamba krimu kidoleni.

"Dada, mimea inakukimbia wewe. Hata mimi ningefunga mlango."

Wakacheka. Namchukia. Namchukia hadi anavyotafuna.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua, na upepo wa mbele njia nzima nikiendesha baiskeli juu ya tuta la mto Rijn. Nimefika nimelowa chapachapa, Menno amesimama nje ya kioo cha chumba changu! Nikafoka. Akanyoosha kidole kwenye skrini. Buluu. Mimea ya kawaida imefunguka yote, bila mimi.

"Ingia," akasema. "Nitukane ukiwa humo."

Nikaingia, nikamtukana kwa moyo wote. Kipimo cha hewa ya ukaa kikapanda. Kabla sijaishiwa matusi, buluu ikaanza kuwa manjano.

Pumzi yangu! Chumba kama kabati, na mimi ndiye ninayeyafungisha majani yangu. Na kosa langu linathibitisha maneno yake — ndiyo maana kanionyesha, shetani huyu. Nimelia chooni. Sikumshukuru.

Lakini kuna mimea yangu isiyoweza kuvunja wanga kuwa sukari. Hiyo ilikuwa imebaki manjano hata kabla sijaingia. Kwa hiyo nami sisemi uongo! Kesho mtu asiingie tu.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika nimeegemea mlango wa kioo. Asubuhi ilikuwa safi: ya kawaida buluu, isiyovunja wanga manjano. Nilimsihi Profesa atazame skrini huku nje.

"Binti, mimea hutazamwa kwa macho."

Akaingia, akafunga mlango. Sasa ameinamia majani yangu, anayahutubia, na huyu akianza hana breki. Kipimo kinapanda. Nimegonga kioo. Kanionyesha kidole: subiri.

Menno yuko kando yangu, anakunywa kahawa. Jani la kwanza limeanza kuwa manjano. La pili.

Ameweka kikombe chini. Ameshika kitasa. Sijui anaingia kumtoa Profesa, au kuongeza pumzi yake —