Saa ya Maji Kujaa Ziwani

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kiti chako, chumba cha kuongoza meli hapa bandarini Mwanza, na najionea kinyaa.

Unaukumbuka ubao wako? Kila asubuhi uliandika kwa chaki meli ipi inatoka Bukoba, ipi inatoka Nansio, ipi ikae gati gani. Mimi, binti yako na karani wako, ulinionya, "Mama, tazama ziwa kwanza, halafu ndiyo ushike chaki."

Kisha ikaja kompyuta, enzi hizi za soko huria ambapo kila cha zamani kinaitwa uozo. Programu yenyewe ilitengenezewa bandari za baharini. Haikukubali kuipangia meli gati mpaka uijazie saa ya maji kujaa. Ukamwambia mtaalamu aliyeileta, kwa upole, "Bwana, ziwa hili halijai na kupwa. Sasa niandike nini?"

Akacheka. "Andika chochote, mzee, mambo yaende."

Ukakataa. Meli ya Nansio ikasubiri nje na abiria wake, meneja anafoka. Nikapitisha mkono mbele yako, nikaandika saa mbili asubuhi. Kompyuta ikaipangia meli gati. Nikapigiwa makofi, Baba, na mimi nikatabasamu! Nikilikumbuka tabasamu lile naona aibu.

Mwezi uleule jina lako likaongoza orodha ya wanaopunguzwa kazini, eti huwezi kwenda na wakati. Ulirudi nyumbani Kirumba na kifutio cha ubao mfukoni. Hukunigombeza. Ila ulipokuwa umelala unaumwa, uliniuliza, "Leo maji yamejaa saa ngapi, mama?"

"Saa mbili, Baba."

Ukageukia ukutani.

Ubao wako wameung'oa. Mahali pake wamebandika jedwali la maji kujaa na kupwa kwa mwaka mzima, limechapwa kwa rangi, jina langu chini yake kama mtayarishaji. Wakubwa wanawaonyesha wageni kwa majivuno, na dirisha liko palepale, hakuna anayegeuza shingo kulitazama ziwa. Wananichukiza. Mimi najichukia zaidi.

Leo niliapa sitaandika. Nilikaa mikono mapajani, nikalitazama ziwa kama ulivyonifundisha. Lilikuwa limetulia tu. Meli ikapiga honi mara ya pili, nikasikia viatu vya meneja kwenye ngazi.

Nimeandika saa mbili, Baba.

Pumzika huko kaburini. Usiniulize tena.

Mwanao, karani wako