Basi la Ijumaa Kuu

Mke wangu Merle, haki ya Mungu haya ni kweli tupu. Naandika nimesimama, viatu miguuni.

Asubuhi nzima nimekaa kituoni na mikate ya zabibu ya kumpelekea dada yangu Dulcie. Si sikukuu mabasi hufuata ratiba ya Jumapili? ~~Akatokea kangaruu, akaikwapua mikate.~~

Haya, nimeila mimi. Kungoja kunatia njaa.

Jirani Beryl kapita anacheka: "Neville, mzee mzima! Ijumaa Kuu hakuna basi hata moja. Na futa makombo mdomoni!"

Dulcie katoka hospitali jana, yuko peke yake. Navuka daraja kwa miguu hadi kwake Bellerive.

Mbwa hajala. Yai langu la chokoleti la Pasaka usilitafute, nimembebea Dulcie.

Mumeo, mla mikate