Swali Nililoliruka kwa Baba Mkwe

Jumatano. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye sufuria, na moyo wangu hauna raha hata kidogo.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kitongoji chetu, huku Iguguno. Baba mkwe wangu ana sonona. Tangu mama mkwe afariki hatoki nje, ugali anaugusa tu. Ndugu walisema ni uzee. Tabibu wa zahanati akasema ni ugonjwa na unatibika. Tukagawana kazi: tabibu dawa, muuguzi, Sista Neema, mazungumzo, mimi kumtembelea kila wiki na kumwuliza hali yake. Nilikubali kwa mbwembwe. Sijui nilifikiri nini.

Kwetu mkwe hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kumhoji.

Leo nimeanza. Nikapiga goti. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu." Nikauliza usingizi, akajibu. Nikauliza chakula, akajibu. Likabaki lile la mwisho, ambalo tumefundishwa kuliuliza waziwazi: je, unawaza kujiua?

Nikamwuliza kama nimletee uji.

Kisha nikampigia Sista, nikamwambia mzee hana mawazo hayo.

Nimedanganya.

Nikarudi kupepeta alizeti, sioni hata ninachopepeta. Ingekuwa mzee wa nyumba nyingine ningejiona mzembe. Kwa huyu wa kwangu nikajiita mwenye adabu! Na akijidhuru, hiyo adabu nitaipeleka wapi? Hofu ikanishika, nikapiga simu tena nikasema ukweli. Sista hakunigombeza. Alikuja na bodaboda, akaingia kwa mzee, mimi nikabaki uani najifanya nafagia.

Alipotoka alinivuta pembeni. "Anawaza, tena kila siku. Tabibu anakuja sasa hivi. Asiachwe peke yake."

Tabibu ameshamwona. Mume wangu amehamishia godoro chumbani kwa baba yake.

Ila kuna neno Sista aliniambia akiwa anapanda pikipiki, na ndilo linalonitesa. "Juzi nilimwambia utamwuliza. Amesema alikuwa amejiandaa kukujibu. Ulipotaja uji, akaona hata wewe hutaki kusikia."

Nimelia jikoni mpaka moshi ukasingiziwa.

Kesho nitapiga goti vilevile, nitamwamkia vilevile, kisha nitamwuliza. Na nitakaa hapo mpaka amalize kunijibu.