Madigadi ya Kushoto

Jumapili, 22 Mei 2016

Siku ya sabini ya eda. Sitoki, sijitii manukato, sikai na mwanamume asiye maharimu wangu. Nimebaki na gari. Lipo uani, hatua kumi kutoka jikoni, limefunikwa turubai — mjane mwenzangu.

Asubuhi jua likilipiga baada ya baridi hii ya Malvern, linagonga. Ta. Ta-ta. Sawasawa na marehemu mume wangu Mansour alivyokuwa akiligonga kwa vifundo vya vidole kila akipita. Shufaa anasema ni bodi ya faiba hiyo inajinyoosha, Mama, si bati. Najua si bati! Lakini leo limegonga na mimi nimeitika, "Bee!" Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, naitikia gari.

Huyo Shufaa mwenyewe kaja kutoka Midrand, kalifunua, kalipiga picha, kaitia kwenye simu watu waone. Hajaniuliza. Kuna mzee kashapiga, analitaka. Eti nyumba itapumua. Nyumba ina pumu? Nimemwambia baba yako hajatimiza hata miezi mitatu, wewe ushampigia mnada. Kanuna. Anune.

Jumatano, 25 Mei 2016

Mama Gradi, jirani, kaleta sombe, kisamvu cha kwao. Haruki siku tangu mazishi. Jina lake Angélique, lakini ulimi wangu wa Tanga haulitaki jina hilo, namwita kwa mwanawe. Yeye ananiita Yaya, maana dada mkubwa kwao. Mkristo wa Bukavu — na ndiye anayenishika mkono kwenye eda. Waislamu wenzangu wa mtaa huu wa Jules walikula pilau ya hitima wakafuta midomo.

Mungu anisamehe, huyu mwanamke nilimchukia. Nilipokuja huku Kusini kumfuata 2012 nilimkuta Mansour anampelekea unga kila mwisho wa mwezi, anamzibia bati la paa, ada ya shule ya Gradi juu yake. Mume nimemkosa miaka kumi na sita, nimemlelea watoto Tanga, nakuta analisha mjane wa Kikongo! Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Akashika msahafu, akaapa hakuna haramu. Basi kuna nini? Jirani, akasema. Ujirani gani huo? Baadaye nikaona ni kweli hakuna haramu, nikajivunia. Nikawaambia watu mume wangu ana moyo wa mtume.

Mama Gradi kasema mwezi ujao bwana wake Évariste anatimiza miaka mitano. Alikuwa mlinzi wa usiku. Alfajiri ya Ijumaa anarudi kutoka kazini, anavuka Jules kwenye robot, zile taa za barabarani, gari likamrusha likaenda zake. Muuza magazeti aliona gari fupi, la njano. Hakuna aliyekamatwa. Mama Gradi aliokota kipande pale barabarani, anasema ni plastiki. Upande mmoja njano, upande wa pili nyuzinyuzi. Kina umbo la sikio. Anakiweka kwenye kopo la maziwa pamoja na pete ya marehemu. Aliwahi kunionyesha.

Kwenye matanga ndipo walipomjua Mansour. Alikuja hawamfahamu, akabeba jeneza, akalia kuliko ndugu.

Jumamosi, 28 Mei 2016

Mnunuzi kaja. Mzee wa Kihindi kutoka Durban, siku hizi anakaa Midrand, jina Govender. Nimekaa nyuma ya pazia la jikoni, Shufaa anazungumza naye Kiingereza huku ananitafsiria nusunusu. Nimemkemea atafsiri yote.

Mzee alipotoa turubai alivua kofia. Kama kaingia msibani! Anasema gari hili jina lake Puma, si la Ulaya, asili yake Brazil. Kikampuni kidogo, miaka ya sitini. Hawakuwa na mitambo mikubwa ya kukunja bati, basi bodi wakaitengeneza kwa mikono. Unatandika nyuzi za kioo ndani ya kalibu, unapaka gundi, unatandika tena, unabana kwa rola upepo utoke. Ikikauka unaitoa kama mkate kwenye chombo. Kwanza walitumia injini ya DKW, halafu vyombo vya Folksvagen ile ya mgongo wa kobe, injini nyuma. Halafu mwanzoni mwa miaka ya sabini likaanza kutengenezwa na huku, karibu na Durban. Mia tatu na kitu tu, kiwanda kikafunga. Baba yake alikuwa mshika rola. Alirudi nyumbani anajikuna mpaka damu.

Nikauliza kupitia Shufaa, baba yako yu hai? Hayuko. Lakini ndani ya gari moja baba yake aliacha alama ya kiganja kwenye gundi, na yeye anazunguka nchi nzima anaangalia chini ya kila Puma. Bado hajakiona.

Huyo mzee simcheki. Mimi naitikia "bee".

Kisha akaligonga. Na yeye kwa vifundo vya vidole! Alianza nyuma, akaja mlangoni, akaja mbele. Ta, ta, ta. Alipofika madigadi ya kushoto ikalia *du*. Akarudia. Du. Akasema hapa pana mkono wa mtu mwingine. Bati likigongwa linabonyea, unalinyoosha, linasahau. Faiba haibonyei, inavunjika. Anaomba Jumamosi ijayo aje na msasa aone pana nini.

Nikasema aje. Sijui kwa nini nilisema aje.

Jumatatu, 30 Mei 2016

Mansour aliniambia kalinunua likiwa jekundu. Hivyo hivyo, jekundu. Nililikuta jekundu.

Na hakuwahi kuliendesha. Eti klachi imekufa. Miaka minne klachi imekufa, na yeye ni fundi!

Na sala ya alfajiri. Watu wa msikitini waliniambia zamani alikuwa hakosi, wa kwanza kufika. Mimi nilimkuta anasali alfajiri chumbani. Miguu, akasema. Miguu hiyo hiyo ilipanda bati kwa Mama Gradi.

Basi! Kalamu hii ina mdomo.

Jumamosi, 4 Juni 2016

Msasa umelia saa nzima. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye unga wa chapati. Nimekaa nyuma ya pazia, tasbihi mkononi, sikumbuki nilichokuwa nasema.

Chini ya nyekundu kuna njano.

Shufaa kaniambia, Mama, zamani lilikuwa zuri, njano! Kwa furaha. Yeye alikuja huku baada yangu, Évariste kwake ni jina tu. Mzee Govender akaendelea. Akafika kwenye kiraka. Anasema fundi alikuwa na haraka, hakukwaruza vizuri kabla ya kupaka, tabaka hazikushikana. Akachomeka kisu chembamba pembeni, akapinda kidogo, kiraka kikabanduka chote kwa mara moja. Hata hakikupigana.

Pamebaki tundu. Umbo la sikio. Na pembezoni nyuzinyuzi.

Mimi bodi hii siku zote nimeiona imepakwa rangi. Sikujua ndani ina nywele.

Mzee akasema kipande cha asili hakikurudishwa, huenda kilidondoka pale pale lilipogonga. Shufaa akamuuliza liligonga nini. Akainua mabega. Kitu kisicho kigumu sana, alisema. Kingekuwa ukuta pua yote ingekwenda.

Nikafunga dirisha. Shufaa akadhani baridi.

Anakuja na traila Jumatatu, alasiri. Shufaa keshampa neno.

Wakati wote naisikia siku ya mazishi. Shehe kasimama hapa uani kabla jeneza halijatoka, akauliza nani ana haki kwa marehemu, amsamehe au aseme. Wanaume wakajibu tumesamehe, tumesamehe. Na huku nyuma, kwa wanawake, sauti moja kubwa kuliko zote — Mama Gradi, kitambaa cha kanisa kichwani: "Mimi niko namusamehe yote! Alinizikia bwana yangu!"

Watu walilia. Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, mume wangu kaenda mweupe.

Kasamehe nini, asichokijua?

Jumapili, 5 Juni 2016

Nimemwambia Shufaa kipande kilichokosekana kimo kwenye kopo la nani. Kakaa kwenye sakafu ya jikoni. Kisha kasema liondoke, Mama. Msamaha ameshautoa, Baba ameshakwenda, wewe una nani mwingine wa kukuletea chakula eda hii? Unataka aurudishe?

Ana akili, huyu. Nimemchapa kofi la bega. Kisha nimelia, na yeye kalia, na uani likagonga. Sote wawili tulisikia. Hakusema safari hii kwamba ni jua.

Jumatatu, 6 Juni 2016

Leo jioni mwezi unaangaliwa. Kwetu Ramadhani haiingii mtu hajaomba radhi kwa aliyemkosea. Tangu asubuhi simu inalia, Tanga, Dar, mpaka wifi yangu mgomvi, ananiita kwa jina: Tabia, nisamehe kwa nilijualo na nisilolijua. Nimekusamehe, nimekusamehe. Rahisi kama kutema mate.

Lakini nisilolijua ni langu mimi. Analolijua mtu akalificha, je? Miaka mitano kampelekea unga, hakumpelekea neno moja. Mansour, wewe mwanamume ulikuwa mwoga! Umebeba jeneza, mdomo hukuubeba. Umeniachia mimi, na darasa langu la nne.

Nimetandaza khanga yangu juu ya tundu, tangu Jumamosi, kama mtu anavyomfunika maiti uso.

Saa nane Mama Gradi kaleta sufuria, kavuka ua, kapita karibu na gari, khanga ikamgusa bega. Kaniuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia, "Mama Gradi, rudi nyumbani ukaniletee lile kopo."

Akaniangalia. "Kopo gani, Yaya?"

"Lenye pete. Na kile kipande."

Kaweka sufuria chini, taratibu, katoka. Kwake ni nyumba ya tatu.

Traila ya Govender imefika, nasikia inarudi kinyumenyume getini. Shufaa kasimama na ufunguo. Kanitazama dirishani, nikatikisa kichwa. Asifungue. Anapiga honi, mzee wa watu — ngoja, baba, na mimi natafuta kiganja.

Nimetoka uani. Nimeiondoa khanga, tundu aje alione mwenyewe, nimejifunga kiunoni. Nimeligonga kwa vifundo vya vidole, pembeni mwa tundu. Safari hii lenyewe limenyamaza.

Daftari naandikia juu ya boneti. Pete nasikia inalia ndani ya kopo, inakuja upande wa ukuta, kila hatua ting, na sasa imesimama mlangoni mwa ua, naweka kalamu.