Gauni la Kijani Kwenye Kamba

Jumamosi, mtaa wa Jericho. Kijua cha Julai kilichungulia saa sita, kikarudi zake. Kucha zangu zimejaa rangi na mbavu zinaniuma kwa kucheka. Asubuhi nilikuwa karibu kulia.

Kwa wiki tatu nimekuwa nikichora ukuta mrefu ulio mkabala na nyumba zetu za kanjo, yaani za baraza la jiji. Kazi yangu ya kila siku ni mabango ya vinyozi na bucha. Huu ndio ukuta wangu wa kwanza wa maana, tena katika mtaa alikonilea shosho, nyanya yangu. Kamati ilinipa sharti moja tu: kina mama wa zamani wakiukataa, Jumatatu unapakwa chokaa.

Nilichora Jumapili ya zamani. Watu wanatoka kwenda kanisani, shosho yangu marehemu mbele, kitambaa cheupe kichwani. Nyuma yao, kamba za uani zimejaa nguo, gauni lake la kijani likipepea katikati.

Hapo ndipo nilipojikwaa.

Mama Wanjiku, jirani yetu asiyemung'unya maneno, alisimama mbele ya ukuta mikono kiunoni. "Wewe, hii ni Jumapili gani watu wameanika nguo? Hapa kwetu? Shosho yako angekuchapa!"

Wenzake wakaguna. Kweli, Jumapili hapa kamba zilikaa tupu, na aliyethubutu kufua alisemwa hadi Krismasi. Nilijua hayo. Lakini Jumapili moja nikiwa mdogo niliugua nikaachwa nyumbani, na nilichochora ndicho nilichokiona dirishani. Au nilidhani nilikiona. Nilianza kujitilia shaka, na mwenyekiti wa kamati alikuwa keshaanza kuulizia chokaa.

Ndipo Mama Halima, aliyekuwa ameketi kwenye stuli mlangoni pake, akasema kwa upole, "Hizo nguo ni zangu. Siku zingine mnajaza kamba zote. Mkienda kanisa ndio napata nafasi. Mkirudi, nishaanua."

Kina mama wakatazamana. Miaka yote hiyo, nyumba zao zikitenganishwa na ukuta mmoja tu, hawakujua. Na mimi nilikuwa nimechora watu ishirini nikamwacha yeye. Niliona aibu sana.

Mama Wanjiku hakukubali kushindwa. "Sawa. Na hilo gauni? Wewe Halima ulivaa lini gauni kama hilo?"

Mama Halima alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Hilo ni la shosho yake. Alikuwa ananiletea beseni la nguo zake mapema kabla hamjaamka, nizianike na zangu. Ananiambia, 'Halima, leo hizi ni zako.'"

Shosho! Yeye aliyekuwa akikemea kila aliyefua Jumapili!

Mama Wanjiku alicheka hadi akakaa chini kwenye saruji, machozi yakimtoka. Alipopata pumzi alisema, "Huo ukuta usiguswe." Mwenyekiti akaacha kuulizia chokaa.

Mchana wote nimemchora Mama Halima kwenye kamba zake, leso ya njano, vibanio mdomoni. Aliomba nimpunguzie miaka, nikampunguzia kumi. Nimemkumbuka shosho leo kuliko siku yoyote tangu tumzike, na nimempenda zaidi, mkora yule.

Kesho ni Jumapili, na beseni langu limejaa nguo. Nikiulizwa, ni za Mama Halima.