Kabati la Vifaa vya Kugusa

Bi Somoe, mwalimu wangu,

Nilitaka barua yangu ya kwanza tangu tukuzike Mikindani iwe ya kukulilia. Machozi yamekataa. Kilichonijaa ni kinyaa, natamani kutema mate.

Vifuko vyako vimechomwa. Vyote vile ulivyoshona kwa khanga zako kuukuu, ukavijaza mchanga wa Msimbati, ukawa unawawekea watoto mapajani watulie. Pamoja na makumbi ya nazi waliyokuwa wakiyafikicha, na kopo la choroko la kutikisa. Mwalimu mkuu alisema kitengo chetu cha mahitaji maalumu kimekuwa jalala, na wageni wafadhili wanakuja na vifaa vipya. Mimi ndiye niliyevibeba kwa ndoo hadi kwenye shimo la taka. Nilisimama kwenye moshi wa khanga zako nikajiambia, vipya si vinakuja, shida iko wapi?

Kweli vilikuja. Mipira yenye vinundu laini, blanketi zito, mikufu ya mpira ya kutafuna mtoto akizidiwa. Ungevipenda, wallahi ungekaa chini ukavichezea kabla ya watoto. Wageni walipiga picha, watoto wakacheka. Gari lilipotoka tu getini, vikapokonywa mikononi mwao, vikafutwa, vikapangwa kwenye kabati la kioo mbele ya darasa. Mwalimu mkuu akaniita: "Madamu, wewe una mwandiko mzuri, hebu tuandikie karatasi ya kubandika hapo."

Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapigia na mstari: USIGUSE.

Vifaa vya kugusa, Bi Somoe! Na mimi nikaona kazi imependeza.

Zuhura, yule mtoto wako wa vifuko, hajui kusoma. Kelele za mapumziko zilipomzidi alifungua kabati, akachukua mpira, akauweka shavuni. Akatulia kama alivyokuwa akitulia na kifuko chako. Mwalimu mkuu akamchapa viganjani, huku na huku. Mtoto wa miaka tisa. Nami nilikuwa mezani nasahihisha madaftari, nikaendelea kusahihisha. Najichukia kuliko ninavyomchukia yule mzee.

Ulikuwa ukiniambia juu yake, "Tabitha, huyu anasikia kwa mikono." Ulisema hivyo siku yangu ya kwanza, uliponifunga macho kwa mtandio ukanipa kumbi nishike, na mimi mtu wa Songea, nisiyezoea minazi, nikapiga yowe nikidhani ni panya. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nami nikakumbuka kicheko tu, somo nikaliacha.

Zuhura hakuja tena shule. Wiki ya tatu nikaenda kwao. Bibi yake alinikaribisha mkekani, akaniambia taratibu, "Mwalimu, mjukuu wangu mmemfanyaje? Ugali hashiki, mpaka nimlishe. Kikombe hashiki. Hata mie bibi yake nikimpa mkono, wake anauficha nyuma."

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Nikamwomba radhi bibi. Akasema mwenye kuombwa ni mtoto. Nikamgeukia Zuhura, nikamwomba na yeye. Hakunitazama.

Leo asubuhi nimeichana karatasi mbele ya walimu wote, nikamwambia mwalimu mkuu kabati hilo halitafungwa tena nikiwa darasani. Amenipa barua ya kujieleza. Nitajieleza, na la ndoo nitalisema, na la madaftari pia.

Kuhusu Zuhura, nakuahidi hivi. Kila nikitoka shule nitakwenda kukaa kwenye mkeka ule, viganja vyangu vikiwa wazi magotini. Sitamvuta, sitamwita. Nitangoja anishike yeye, hata kama ni mwaka.

Kwaheri, Bi Somoe. Mungu akupumzishe mahali pasipo kelele. Ila mimi usinisamehe kwanza. Mwache Zuhura aanze.

Tabitha wako