Amesema Nakuja

Mwenzangu, ngoja nikusimulie ya leo. Alfajiri nimesikia kifuniko cha sufuria kubwa kikilia tena jikoni. Nikajua. Mwanangu anaficha chupa humo, anadhani mimi na wajukuu hatujui.

Leo sikugomba. Nikamwambia, "Baba, vaa viatu, nikupeleke kwenye kile kikundi cha walioacha pombe." Akavaa! Njia nzima amenishika mkono, kama siku ile nampeleka shule mara ya kwanza.

Mlangoni akagoma. "Tangulia, mama. Nakuja."

Nikaingia. Watu tisa, viti vya plastiki. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma akanivutia kiti, akanimiminia chai, akaniuliza taratibu, "Bibi, umeacha lini?"

Mimi! Umeacha lini! Mimi ambaye hata kwenye harusi yako nilikunywa maji!

Nikasema, "Mlevi wangu yuko nje." Hakuna aliyecheka. Yule fundi akatoka kumwita.

Akarudi peke yake. "Hayupo, bibi."

Alisema nakuja, mwenzangu. Nakuja.

Nimelia mbele ya watu nisiowajua. Dada mmoja akavua mtandio wake, akanipa nifutie machozi, wala hakuutaka tena.

Nilipoinuka kuondoka, fundi akanisindikiza hadi mlangoni. Akasema, "Mama yangu alikuja hapa peke yake mara saba, ndipo na mimi nikaingia. Jumatano uje tena, bibi. Tutakuwekea viti viwili."